Tundu lililobaki: kisa cha mtoto aliyepata matatizo baada ya kushonwa kaakaa

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika mkoa wa Dodoma, na mimi ninayekiandika ni muuguzi niliyekuwa wodini katika sehemu kubwa ya matukio yanayoelezwa. Jina la mtoto, kijiji, hospitali, tarehe na mambo mengine ambayo yangeweza kumtambulisha mtu yameondolewa, na wazazi pamoja na bibi yake waliridhia kiandikwe kwa ajili ya kufundishia. Nimewaandikia wauguzi wenzangu, matabibu wa vituo vya afya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu wao ndio wanaobaki na mtoto baada ya daktari wa upasuaji kuvua glovu. Ninaamini kwamba kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki halikutendeka kwenye meza ya upasuaji wala kijijini, bali wodini kwetu, katika dakika chache za asubuhi ya Jumamosi tulipokuwa tunamruhusu mtoto kwenda nyumbani.

Historia ya mtoto kabla ya upasuaji

Mtoto ni wa kike, wa tatu kuzaliwa katika familia inayolima mtama na alizeti. Alizaliwa kwenye zahanati kwa njia ya kawaida, akiwa na kilo 2.9, akalia mara moja. Mdomo wake wa juu ulikuwa mzima, na hapo ndipo kuchelewa kulipoanzia. Mtoto mwenye mdomo sungura hutambuliwa na kila aliyemo chumbani, lakini yule ambaye mdomo wake ni mzima na kaakaa, yaani paa la kinywa, ndilo limepasuka hutambuliwa tu na mtu aliyefungua kinywa chake akamulika kwa tochi mpaka nyuma. Siku ile hakuna aliyemulika.

Maziwa yalipoanza kumtoka puani, mama aliambiwa kuwa ni mafua, kisha akaambiwa kuwa mtoto ananyonya kwa pupa. Ukweli ni kwamba mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hawezi kuvuta maziwa, kwa kuwa hewa hupita puani na kinywa hakipati nguvu ya kufyonza. Hunyonya kwa saa nzima, akachoka, akalala na njaa, na mama akadhani ameshiba. Mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki ulianza kushuka mapema. Ilikuwa katika chanjo ya wiki ya 14 ndipo muuguzi wa kliniki, ambaye hakuridhika na maelezo ya mafua, alipochukua tochi ya simu yake na kuona mpasuko uliotoka kwenye kaakaa gumu hadi kwenye kimeo, ambacho chenyewe kilikuwa kimegawanyika mara mbili. Alimwonyesha mama. Kitendo hicho kidogo kilisaidia zaidi ya alivyojua, kwa sababu miezi miwili baadaye jamaa walipopendekeza mtoto akatwe kimeo ili kikohozi kiishe, mama alikataa kwa kusema kwamba amekiona kwa macho yake na tayari kimepasuka.

Kutoka siku hiyo ya rufaa hadi kufika hospitali ilipita miezi saba. Nauli ilikosekana, msimu wa kilimo ukaingia, na maneno ya watu kuhusu watoto wanaofia kwenye dawa ya usingizi yakafanya kazi yake. Tulipomwona kwa mara ya kwanza alikuwa na umri wa miezi 11, uzito wa kilo 6.3 na himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya 8.2, ambayo ni pungufu.

Uamuzi wa kutofanya upasuaji kwanza

Mama alikuja akitarajia mtoto apasuliwe wiki hiyohiyo. Tulipomwambia arudi nyumbani alilia, na sikumlaumu, kwa maana alikuwa amekopa nauli. Hata hivyo ninaona kuwa uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mtoto wa kilo sita mwenye upungufu wa damu hana akiba. Kidonda chake hakishiki vizuri, na damu kidogo inayopotea humweka hatarini. Kwa upande mwingine, kaakaa hushonwa vyema kati ya miezi 9 na 18, mtoto anapoanza kutamka maneno, na kila mwezi unaosogea mbele humzoesha kutamka kwa njia isiyo sahihi ambayo baadaye ni kazi kubwa kuiondoa. Tulikuwa tunapima usalama dhidi ya usemi, na tukachagua usalama kwa masharti kwamba muda huo usipotee bure.

Mama alifundishwa kumlisha mtoto akiwa amekaa wima, kwa kikombe kidogo, kwa maziwa na uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa na mafuta. Alipewa dawa ya madini ya chuma na, alipotimiza mwaka, dawa ya minyoo. Kituo cha afya cha karibu kilimpima kila baada ya wiki mbili. Miezi mitano baadaye alirudi akiwa na kilo 8.1 na himoglobini ya 10.6, hana homa wala kikohozi, na tarehe ikapangwa. Wakati huo aliyemlea na kumlisha mchana kutwa alikuwa mama mwenyewe, na sote tulibaki na picha hiyo akilini.

Upasuaji

Upasuaji ulianza saa tano asubuhi na kumalizika saa saba na dakika ishirini mchana. Upana wa mpasuko, ulipopimwa mahali kaakaa gumu, lile la mbele lenye mfupa, linapokutana na laini, lile la nyuma lenye misuli, ulikuwa milimita 15, yaani mpasuko mpana. Daktari alitumia mbinu ya vipande viwili inayojulikana kwa jina la Bardach: utando wa kaakaa huinuliwa pande zote mbili, ukibaki umeshikwa na mshipa wake wa damu, kisha husogezwa katikati na kushonwa kwa tabaka, la pua kwanza, kisha misuli ya kaakaa laini, mwisho tabaka la kinywani. Damu iliyopotea haikuwa nyingi. Katika maelezo ya upasuaji daktari aliandika sentensi moja ambayo sisi wa wodini hatukuisoma mpaka ilipokuwa imechelewa: kwamba katika makutano ya kaakaa gumu na laini, mshono ulifungwa ukiwa umekazwa kuliko alivyopenda.

Usiku wa kwanza

Mtoto alifika wodini saa tisa alasiri akiwa macho, analia kwa sauti nzito, na hewa inaingia vizuri. Alilazwa ubavu karibu na meza ya wauguzi, akiwa na uzi kwenye ulimi. Uzi huo huachwa makusudi: kifaa cha kupanua kinywa hukandamiza ulimi kwa muda mrefu, na ulimi ukivimba baadaye unaweza kuziba njia ya hewa, hivyo anayemhudumia anaweza kuuvuta mbele kwa uzi badala ya kuingiza vidole kwenye kidonda kibichi.

Saa moja jioni mapigo ya moyo yalikuwa 128 kwa dakika. Saa mbili na nusu yalikuwa 146, na yakaandikwa kuwa ni maumivu, alipewa parasetamoli. Saa tatu usiku muuguzi mwenzangu aliyekuwa zamu, kijana ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka kazini, aliniita akasema, "Dada, huyu mtoto anameza sana." Nilitazama midomo na shuka. Hapakuwa na damu. Oksijeni ilikuwa asilimia 97. Lakini kweli mtoto alikuwa anameza, kila baada ya sekunde chache, amefumba macho, na mapigo yalikuwa 164.

Kumeza mfululizo kwa mtoto aliyetoka kushonwa kaakaa ni dalili ya damu mpaka ithibitike vinginevyo. Damu inayotoka nyuma ya kinywa haitoki nje kwa mtoto aliyelala. Inashuka tumboni kimyakimya, na shuka linabaki jeupe. Tulimulika tochi tukaona damu nyekundu ikichuruzika upande wa kushoto, na dakika chache baadaye akatapika damu nyeusi tuliyoikadiria kuwa mililita 60. Kiasi hicho kwa mtu mzima ni kidogo, hakijazi hata kikombe cha kahawa. Kwa mtoto hesabu ni nyingine: ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo, kwa hiyo huyu wa kilo 8.1 alikuwa na kama mililita 650 mwilini mwake mwote, na alichotapika kilikaribia sehemu moja ya kumi, mbali na kile kilichobaki tumboni na kile kilichopotea mchana.

Tulimweka ubavu, kichwa chini kidogo, tukafyonza pembeni mwa shavu kwa mpira laini bila kugusa kaakaa, tukampa oksijeni, tukachukua damu ya kupima kundi na kulinganisha, na kuanza maji ya mshipani ya Ringer mililita 80. Kanula, yaani mpira mdogo wa mshipani, ilikuwa bado inafanya kazi. Nalisema hili kwa sababu katika wodi nyingi kanula huondolewa jioni mtoto anapoanza kunywa, na kuitafuta nyingine kwa mtoto aliyepungukiwa damu usiku ni kazi ambayo hakuna anayetaka kuirudia. Daktari alipigiwa simu akaagiza asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu isimame, miligramu 120 kwenye mshipa, akafika baada ya dakika 25.

Alipofika kulikuwa na uchaguzi. Angeweza kukandamiza kwa shashi yenye adrenalini, dawa inayobana mishipa, na kusubiri, na damu nyingi za aina hii husimama hivyo. Alijaribu kwa dakika kumi. Damu ikapungua bila kukoma. Mtaalamu wa usingizi alihofia, na hofu yake ilikuwa na msingi: tumbo lilikuwa limejaa damu, ulimi umevimba, na kuingiza mpira wa hewa katika hali hiyo ni kugumu kuliko mara ya kwanza. Hata hivyo waliamua kurudi chumba cha upasuaji wakati mtoto bado ana nguvu, kwa kuwa kusubiri saa mbili kungewapa njia ya hewa iliyovimba zaidi na mtoto aliyepungukiwa damu zaidi. Saa tano usiku walikuta mshipa mdogo pembeni mwa kipande cha kushoto ukivuja, wakauunguza kwa umeme, na wakaondoa damu iliyoganda chini ya kipande hicho. Inaelekea mshipa huo ulikuwa umebanwa na adrenalini iliyochanganywa na ganzi mchana, na dawa ilipoisha nguvu jioni ukafunguka. Himoglobini ilikuwa 7.4. Aliongezewa damu mililita 80, na asubuhi ikawa 9.3.

Asubuhi ya Jumamosi

Siku tatu zilizofuata zilikuwa tulivu. Alikunywa maziwa kwa kikombe, homa haikuwapo, na siku ya tano, Jumamosi, akaruhusiwa. Wodi ilikuwa imejaa na tulikuwa wauguzi wawili. Mimi ndiye niliyetoa maelekezo. Nilimwambia mama, nikiwa nimesimama na faili mkononi, kwamba kwa wiki tatu mtoto anywe vyakula vya majimaji tu, uji uchujwe, apewe maji safi kila baada ya kula ili kidonda kisafishike, asipewe ugali, karanga wala kitu chochote chenye maganda, asiweke kijiko ndani ya kinywa, aendelee kuvaa vizuizi vya viwiko tulivyotengeneza kwa boksi na bandeji ili asitie mikono kinywani, na arudi siku ya 14. Nilimuuliza kama ameelewa, akasema ameelewa. Niliandika kwenye faili kwamba elimu imetolewa.

Vizuizi vya viwiko, niseme kwa kupita, vituo vingine vimeacha kuvitumia, na mimi mwenyewe sivipi tena uzito ule niliovipa siku hiyo. Muda niliotumia kueleza namna ya kuvifunga ningeutumia kuuliza swali moja ambalo sikuliuliza: mtoto huyu mchana atalishwa na nani?

Yaliyotokea nyumbani

Haya tuliyajua baadaye, kwa vipande. Siku mbili baada ya kurudi, mama aliondoka kwenda kwenye kibarua cha kuvuna zabibu, kwa sababu deni la nauli na la gharama za wodini lilipaswa kulipwa na mavuno hayasubiri. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi jioni. Mtoto alibaki na bibi, mama mzaa baba, ambaye hakuwahi kufika hospitali, ambaye Kigogo ndiyo lugha yake ya kila siku, na ambaye maelekezo ya wiki tatu yalimfikia kwa sentensi moja iliyosemwa mlangoni gizani: mtoto anywe uji.

Bibi alimpa uji. Siku ya tatu mtoto alilia njaa tangu asubuhi, na bibi, ambaye amelea watoto wanane, aliona kilio cha njaa akakijibu. Alimega ugali wa mtama kidogokidogo, akauchovya kwenye mlenda, akamwekea kinywani kwa kidole. Alipotueleza alisema, "Mwanangu, mlenda unateleza. Nilijua hauwezi kumuumiza." Nimeitafakari sana hoja hiyo, na sioni kasoro ndani yake kwa mtu ambaye hakuambiwa kwamba chembe za ugali hukwama kwenye nyuzi. Kaka za mtoto nao walimpa mbegu za alizeti walizokuwa wanatafuna.

Katika wiki ya pili mtoto alipata kikohozi na homa. Kilikuwa kiangazi, upepo na vumbi la kwetu, na nyumba nzima ilikuwa inakohoa. Jirani alishauri apelekwe kwa fundi wa kimeo. Fundi alimfungua kinywa, akakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akaona nyuzi, akakataa kukata. Ninamshukuru kwa hilo. Hatujui mpini uligusa wapi.

Siku ya 14 hawakuja. Sisi hatukupiga simu. Walikuja siku ya 23, kwa sababu maziwa yalianza tena kutoka puani na kinywa kilikuwa kinanuka. Tuliona tundu la milimita 6, palepale kwenye makutano ya kaakaa gumu na laini, kingo zake nyekundu na laini, na pembeni mwa mshono kipande cha ganda la alizeti. Sehemu iliyobaki, pamoja na misuli ya nyuma, ilikuwa imeshika. Kwa lugha ya kitabibu hiyo ni fistula ya kaakaa, na ilibidi kueleza kwa uangalifu, maana mama alilijua neno fistula kwa ile ya uzazi na alishtuka mno.

Uamuzi wa kusubiri kwa mara ya pili

Mmoja wa madaktari vijana alipendekeza tundu lishonwe palepale wakati bado ni dogo. Wazo hilo linavutia, lakini utando wenye uvimbe na maambukizi haubebi uzi. Huchanika, na tundu la milimita 6 likawa la 12, huku kovu likiongezeka na nyama nzuri ya kutumia baadaye ikipungua. Daktari mkuu aliamua kumpa dawa ya maambukizi, kusafisha kwa maji ya chumvi na kusubiri angalau miezi sita hadi kovu lilainike. Matundu mengine husinyaa yenyewe katika kipindi hicho.

Kabla ya kuwaruhusu, nilimwomba mama arudi wiki inayofuata pamoja na bibi. Walikuja. Tulikaa chini watatu, pamoja na mhudumu wa usafi wa wodi yetu ambaye ni Mgogo na alikubali kutafsiri. Mazungumzo mawili ya kwanza bibi alijibu kwa ufupi, akitazama chini. Alikuwa ameshaambiwa njiani kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Katika mazungumzo ya tatu nilimwambia kwamba kosa lilikuwa letu kwa kutomtafuta, na hapo ndipo alipoeleza habari ya ugali, ya alizeti na ya fundi wa kimeo. Bila hayo tungeandika kwenye faili kwamba familia haikufuata maelekezo, na tungefunga.

Matokeo

Miezi minane baadaye tundu lilikuwa limesinyaa hadi milimita 4. Safari hii bibi ndiye aliyelazwa na mtoto. Alionyeshwa mshono kwa tochi, akachuja uji mbele yetu, akamnywesha kwa kikombe, akamsuuza kwa maji, akarudia kesho yake bila kuelekezwa. Daktari alifunga tundu kwa kugeuza utando wa jirani, tabaka mbili, bila mvutano. Mhudumu wa afya wa kijiji aliwatembelea siku ya tatu, ya saba na ya 14, na baba akachukua ruhusa ya kubaki nyumbani wiki ya kwanza. Tundu lilifunga na halijafunguka.

Usemi ni habari nyingine. Akiwa na miaka miwili, kabla ya upasuaji wa pili, mtoto alikuwa anamwita mama yake "mama" vizuri kabisa, na baba yake pia alimwita "mama". Baba alikuwa anaumia, akidhani mtoto hamtambui. Sauti ya b inahitaji hewa izuiwe kinywani kisha iachiliwe kwa nguvu; hewa ikitorokea puani, midomo ileile hutoa m. Kwa njia hiyohiyo "dada" husikika kama "nana". Tulipomweleza baba hivyo alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akamchukua mtoto akatoka naye nje.

Sasa ana miaka miwili na miezi kumi. "Baba" husikika kama baba mara nyingi, hasa asipochoka. Kioo kidogo kikiwekwa chini ya pua anapotamka "papa" bado hupata ukungu, maana yake hewa bado inavuja juu, safari hii kwa sababu kaakaa laini ni fupi na halifikii vizuri ukuta wa nyuma wa koo. Sikio la kushoto lina majimaji nyuma ya ngoma, jambo la kawaida kwa watoto hawa kwa vile misuli ileile ya kaakaa ndiyo hufungua mrija wa sikio. Huenda akahitaji upasuaji wa tatu kwa ajili ya usemi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni jicho la muuguzi kijana. Hakuwa na kipimo ambacho wengine hawakuwa nacho. Alimtazama mtoto badala ya shuka. Mapigo ya 146 yaliyoandikwa kuwa maumivu yalikuwa tayari ni onyo, na nusu saa ilipotea hapo. Tangu wakati huo, kwenye karatasi ya uangalizi ya watoto wa kaakaa tumeongeza safu ya kumeza, na mtoto anayemeza mfululizo humulikwa kwa tochi kabla ya kupewa dawa ya maumivu. Kanula sasa hubaki hadi asubuhi ya siku ya pili.

Kuhusu tundu, sitaki kudai kwamba sababu ni moja. Mpasuko ulikuwa mpana na mshono umekazwa, damu iliganda chini ya kipande cha kushoto na kukiinua, ikapunguza lishe ya tishu, mtoto alifunguliwa kinywa mara mbili ndani ya saa 12, alipungukiwa damu, kisha ikaja homa, kikohozi, chembe za ugali, ganda la alizeti na mpini wa kijiko. Mahali lilipotokea, kwenye makutano ya kaakaa gumu na laini, ndipo matundu mengi hutokea hata kwa mtoto aliyetunzwa vizuri kabisa. Inawezekana lingetokea hata kama bibi angechuja uji kwa wiki sita. Lakini kati ya sababu zote hizo, zile za nyumbani ndizo tulizokuwa na uwezo wa kuzizuia kwa maneno, na maneno hayo niliyatoa kwa mtu ambaye hangekuwapo saa za kula. Pia tulijua, au tungepaswa kujua kama tungesoma ile sentensi ya daktari, kwamba mtoto huyu alikuwa na mshono dhaifu na hakupaswa kwenda nyumbani siku ya tano sawa na wengine. Sasa daktari huiandika hali ya mshono kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa faili la wodi.

Neno "majimaji tu" nalo lilikuwa na kasoro. Mtoto wa miezi 16 hashibi kwa uji mwepesi, na maelekezo yasiyoshibisha huvunjwa na yeyote mwenye huruma. Siku hizi tunafundisha uji uliotiwa maziwa, mafuta na karanga zilizosagwa laini kisha kuchujwa, mara sita kwa siku, na tunataja mlenda kwa jina: mlenda wenyewe uliochujwa unafaa, ugali ndani yake haufai. Kimeo pia tunakitaja sisi kwanza, bila kusubiri familia ikitaje.

Kuna kosa jingine dogo lililokula muda wa familia hii. Kwa miezi kadhaa tulimwambia mama amfanyishe mtoto mazoezi ya kupuliza maputo na filimbi ili kaakaa lipate nguvu. Mazoezi ya kupuliza hayarekebishi usemi. Mtoto hujifunza kutamka kwa kutamka, sauti moja moja, na mtu anayemsikia na kumsahihisha. Wataalamu wa usemi ni wachache na wako mbali, kwa hiyo tumemfundisha baba michezo ya p na b ya kufanya jioni, naye ameishika kuliko yeyote.

Swali la "nani atamlisha mchana" sasa limechapwa kwenye fomu ya kuruhusu, na mtoto haondoki mpaka mtu huyo awe amefika wodini au amezungumza nasi kwa simu, kwa lugha yake. Nauli ya siku ya 14 bado hatujaipatia njia. Jumamosi nayo bado ni Jumamosi: wauguzi wawili, vitanda vimejaa. Mwezi uliopita mtoto mwingine aliyeshonwa kaakaa aliruhusiwa siku hiyo, shangazi yake akiwa hapatikani kwa simu, kwa ahadi kwamba tutampigia Jumatatu. Nilipiga Jumatatu na Jumanne bila kupokelewa. Jumatano jioni alipokea, akaniambia kwamba tangu Jumapili amekuwa akimpa mtoto wali laini.